Viganja vya mama vimekuwa vyeusi na vinawaka tangu aanze vidonge vya kapesitabini: tatizo ni dawa yenyewe au namna tunavyommezesha?

#1 Mlezi_Moro
Habari wanajukwaa. Mama yangu alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, na baadaye akaanzishiwa sindano ya oksaliplatini kila baada ya wiki tatu pamoja na vidonge vya kapesitabini vya miligramu 500, ambavyo anavimeza nyumbani asubuhi na jioni kwa siku 14, kisha anapumzika siku 7. Mzunguko wa kwanza ulimpa kichefuchefu na uchovu tu. Katika huu wa pili viganja na nyayo vimekuwa vyeusi kuliko ngozi nyingine, vimekakamaa, mistari ya viganja imepasuka, na kila anaposhika kikombe cha chai anasema anahisi moto. Kaka yangu anasema dawa ni bandia, shangazi anasema ni sabuni ya unga, na wifi yangu anashikilia kwamba hatummezeshi inavyotakiwa. Miadi ya kliniki ni wiki ijayo. Ni nini hasa kinachosababisha hali hii, na je, tuendelee kumpa hadi siku hiyo?

#2 Mfamasia wa Zamu
Pole kwa kuuguza. Naanza na swali la mwisho kwa kuwa ndilo la haraka: msisubiri miadi. Pigeni simu kliniki leo, au mpelekeni. Madhara haya yanajulikana na yameandikwa kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi. Dawa hii hugeuzwa na mwili kuwa florourasili, ambayo ndiyo hasa inayoua seli za saratani, na viganja na nyayo ni miongoni mwa sehemu zinazoathirika mapema. Ikiwa kuna ganzi na weusi tu, bila maumivu, daktari anaweza kumwacha aendelee kwa uangalizi. Lakini ikiwa maumivu, uvimbe au malengelenge vinamzuia kushika vitu, kuvaa viatu au kutembea, maelekezo ya dawa ni kusimamisha na kuwasiliana na daktari mara moja, naye ndiye ataamua lini arudi na kwa dozi gani. Dozi zilizorukwa katika kipindi hicho hazifidiwi.

Ningependa kujua mambo kadhaa. Anameza muda gani baada ya chakula? Nani anahesabu vidonge? Anatumia dawa gani nyingine, zikiwemo zile ambazo nyumbani hamziiti dawa? Na kipimo cha figo kilifanyika lini?

#3 Kijana wa Kariakoo
Mimi nakubaliana na kaka. Dawa za saratani ni ghali, na kila kilicho ghali huigwa. Mlinunua wapi?

#4 Nesi Mstaafu
Kijana, kidonge cha chokaa hakiunguzi viganja vya mtu. Huyu mama anapata madhara yale yale yaliyoandikwa kwenye karatasi ya dawa halisi, kwa hiyo ushahidi ulio mbele yetu unaelekea upande usioupenda. Hilo halizuii kukagua: wapeleke boksi kwa mfamasia atazame namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na wakiwa na shaka TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wapo, tena hupokea pia taarifa za madhara ya dawa.

Naongeza jambo moja kuhusu rangi. Vitabu vingi huandika kwamba viganja huwa vyekundu, na ndugu wakitazama hawaoni wekundu wowote, hivyo hudhani si tatizo lenyewe. Katika ngozi yetu dalili ya mwanzo mara nyingi ni weusi na ugumu, na wekundu usipoonekana haimaanishi kwamba hali ni nyepesi. Muulizeni kuhusu maumivu, msitazame rangi peke yake.

#5 Mzee wa Gairo
Mimi natibiwa saratani ya tezi dume kwa vidonge, nami nilielekezwa kumeza tumbo likiwa tupu kabisa. Inawezekana huyo mama anapewa dawa juu ya ugali, ndiyo maana inamchoma. Vidonge vya saratani havitaki chakula.

#6 Mfamasia wa Zamu
Mzee wa Gairo, shikamoo. Huenda wewe unatumia abirateroni, ambayo kweli humezwa bila chakula kwa sababu chakula huongeza sana kiasi kinachoingia kwenye damu. Kapesitabini ni kinyume chake: humezwa ndani ya dakika 30 baada ya kumaliza kula, kwa maji, vidonge vikiwa vizima bila kukatwa wala kusagwa. Temozolomidi ya saratani ya ubongo huwa salama zaidi kwa kichefuchefu ikimezwa tumbo tupu, wengi huimeza wakati wa kulala. Imatinibu humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, na asiyeweza kumeza anaruhusiwa kuiyeyusha katika maji, jambo ambalo kwa kapesitabini halifanywi bila idhini ya hospitali. Kwa hiyo mtu asichukue utaratibu wa jirani, hata kama wote wawili wana saratani na walikaa benchi moja kliniki.

#7 Selemani_Bahari
Na balungi je? Nilisoma kwamba mgonjwa wa saratani asiguse balungi.

#8 Mfamasia wa Zamu
Hilo linahusu imatinibu na nyingine zinazovunjwa mwilini kwa njia ambayo balungi huizuia. Kwa kapesitabini sijaona sababu ya kumnyima mama tunda hilo. Wa kuogopwa zaidi hapa ni warfarini ya kuyeyusha damu na fenitoini ya kifafa, kwa kuwa kapesitabini huongeza nguvu zake, pamoja na alopurinoli ya jongo, ambayo inaweza kupunguza kazi ya tiba.

#9 Mlezi_Moro
Nashukuru nyote. Tumepiga simu, wametuambia tusitishe na tumlete kesho asubuhi. Majibu ya maswali ni haya. Bahasha imeandikwa "3×2", na tunampa vitatu saa mbili asubuhi baada ya uji na vitatu saa mbili usiku baada ya chakula. Anayehesabu ni yeyote aliyeko nyumbani, wakati mwingine mama mwenyewe, wakati mwingine wifi. Boksi lilikuwa na vidonge 120. Figo zilipimwa kabla ya mzunguko wa kwanza. Kuhusu dawa nyingine, anatumia ya shinikizo la damu, na shangazi alimletea vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki, kwa sababu alionekana amepauka.

#10 Hesabu Kwanza
Hapo kwenye boksi nimeshtuka. Vidonge 6 kwa siku mara siku 14 ni 84. Boksi lina 120, hivyo mzunguko ukiisha hubaki 36, ambavyo ni dozi ya siku sita kamili. Mtu aliyezoea kwamba dawa humezwa mpaka iishe, kama tunavyofundishwa kuhusu dawa za vijidudu, ataendelea nayo ndani ya wiki ya mapumziko bila mtu kumkataza. Je, kuna aliyeandika kwenye kalenda siku ya 14 ilikuwa ipi? Na katika nyumba ambayo anayemezesha ni "yeyote aliyeko", kuna uhakika gani kwamba hakuna jioni mama alipewa mara mbili?

#11 Nesi Mstaafu
Umesema vyema. Naongeza na huo uandishi wa bahasha. Nimekuta wagonjwa waliosoma "3×2" kuwa viwili mara tatu. Jumla ni ile ile sita, lakini nafasi ya saa 12 kati ya dozi inavunjika. Nimekuta pia karatasi iliyoandikwa 8:00, na kijana wa nyumbani akamwamsha bibi saa nane ya usiku ameze dawa bila chakula. Daftari la kurasa chache lenye tarehe, saa, idadi na jina la aliyetoa linatosha, na dawa ikae kwa mtu mmoja.

#12 Mfamasia wa Zamu
Mlezi_Moro, kesho nendeni na vile vidonge vyekundu mkononi. Vingi vina madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki (aina ya vitamini), na foliki huongeza makali ya florourasili mwilini. Sisemi kwamba ndiyo iliyomchoma mama. Nasema daktari lazima ajue, na visimezwe tena mpaka aseme. Kupauka kwake nako kunahitaji kipimo cha damu.

#13 Viungo Vyangu
Samahani, hapa nimechanganyikiwa. Mimi natumia methotreksati kwa ajili ya baridi yabisi, ambayo nayo naambiwa ni dawa ya saratani, na daktari mwenyewe ndiye aliyeniandikia foliki ili kupunguza madhara. Sasa foliki inapunguza au inaongeza?

#14 Mfamasia wa Zamu
Yote mawili ni kweli, kwa sababu ni dawa mbili tofauti. Methotreksati hufanya kazi kwa kuzuia mwili kutumia foliki, hivyo katika dozi ndogo ya baridi yabisi foliki kidogo huokoa seli za mdomo na za damu. Florourasili hushambulia kimeng'enya ambacho kikishirikiana na foliki hunaswa kwa nguvu zaidi, hivyo foliki huzidisha kipigo. Endelea na yako kama ulivyoandikiwa. Ila nakukumbusha kwamba methotreksati ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kosa hilo limeua watu katika nchi nyingi. Chagua siku moja, uiandike kwenye boksi.

#15 Msafiri wa Minnesota
Nikiwa huku Marekani nilimuuguza mume wangu kwa dawa hiyo hiyo, na suala la foliki linajadiliwa sana. Wagonjwa wa Marekani wameonekana katika tafiti kupata madhara ya kapesitabini kuliko wa Asia ya Mashariki, na mojawapo ya dhana ni kwamba unga na nafaka za huku zimeongezwa foliki. Tanzania nako unga wa viwandani huongezwa virutubisho, kwa hiyo huenda mama anapata foliki hata asipomeza kidonge.

#16 Kijana wa Kariakoo
Kwa hiyo sasa ni ugali tena? Juzi sabuni, jana kidonge chekundu, leo sembe. Kesho mtasema ni kiti alichokalia.

#17 Dkt wa Mtaani
Kijana anatania, lakini hoja ya unga ni dhaifu kwa mgonjwa mmoja, kwa kuwa unga aliula pia katika mzunguko wa kwanza na haukumfanya kitu. Mimi ningetazama figo. Mabaki ya dawa hii hutoka kwa njia ya mkojo. Figo zikisafisha damu chini ya mililita 50 kwa dakika dozi hupunguzwa, zikiwa chini ya 30 dawa haitolewi. Mama mwenye shinikizo la damu, aliyekuwa na kichefuchefu na pengine hanywi maji ya kutosha, figo zake za leo si lazima ziwe zile zilizopimwa kabla ya kuanza.

Kuna pia wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachovunja florourasili. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza. Vipimo vingi vya vinasaba vya huko vilijengwa juu ya mabadiliko yanayoonekana zaidi kwa Wazungu, ilhali liko jingine linaloonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, hivyo majibu mazuri ya kipimo hicho hayamalizi mjadala kwetu. Hata hivyo, mwenye upungufu mkubwa kwa kawaida huanguka mapema, katika mzunguko wa kwanza, kwa vidonda vya mdomo, kuharisha sana na kushuka kwa chembe nyeupe. Mama huyu hakuanguka.

#18 Bint Tanga
Mbona hamuitaji sindano? Oksaliplatini inajulikana kwa kuleta ganzi ya vidole. Na kuhusu tiba, sisi huku pwani tulimpaka shangazi yetu hina kwenye viganja na nyayo, moto ukapoa.

#19 Nesi Mstaafu
Ganzi ya oksaliplatini huchochewa na baridi: mgonjwa anashika maji ya jokofu na vidole vinapigwa kama na umeme. Mama huyu anaumizwa na kikombe cha chai, na ngozi imepasuka. Anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja, lakini ngozi haipasuliwi na ile sindano.

Kuhusu hina, sitakucheka, kwa sababu madaktari wa Uturuki waliandika mwaka 2008 kuhusu wagonjwa wachache wa kapesitabini waliopata nafuu kwa hina. Ni wachache mno kuwa ushahidi. Sharti langu ni kwamba iwe hina ya majani pekee. Piko nyeusi ya harusi huchanganywa na kemikali ya rangi ya nywele ambayo huunguza hata ngozi nzima, seuze iliyokwisha kupasuka.

#20 Dkt wa Mtaani
Chenye ushahidi mzuri zaidi ni jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, ile ya kuchua maumivu ya misuli. Utafiti uliofanyika India na kuchapishwa mwaka 2024 uliwalinganisha wagonjwa wa kapesitabini waliopaka jeli hiyo na waliopaka isiyo na dawa, na wale wenye madhara ya viganja ya kiwango cha kati au kikali walikuwa asilimia 3.8 dhidi ya 15. Lakini ilipakwa kwa kinga tangu mwanzo, si kwenye ngozi iliyokwisha kupasuka, kwa hiyo mama asipakwe kabla daktari hajaona. Krimu yenye yurea nayo ni nzuri katika kulainisha.

#21 Msafiri wa Minnesota
Kuna jambo la pembeni ambalo wenye mgonjwa hawaambiwi. Alama za vidole hufutika. Mwaka 2009 jarida moja la madaktari lilieleza habari za mgonjwa kutoka Singapore aliyezuiliwa kwa saa kadhaa kwenye uwanja wa ndege wa Marekani kwa sababu mashine haikuona alama za vidole vyake. Alikuwa anatumia kapesitabini. Mume wangu tulimwombea barua ya daktari kabla ya safari.

#22 Hesabu Kwanza
Huku hata bila safari ni tabu, kwani kusajili laini ya simu kunahitaji kidole. Mlezi_Moro, kama laini ya mama ina shida ya usajili, ishughulikieni mapema. Na Kijana wa Kariakoo asije akasema vidole navyo ni bandia.

#23 Ami wa Mombasa
Assalaam aleikum. Mjomba wangu yuko kwenye dawa hii na Ramadhani inakaribia. Anasema dozi ni mbili tu, moja baada ya futari na moja baada ya daku, kwa hiyo hakuna kizuizi. Je, ni sawa?

#24 Mfamasia wa Zamu
Waaleikum salaam. Tatizo kubwa si saa, japokuwa kutoka futari hadi daku ni kama saa 10 na kutoka daku hadi futari ni 14. Tatizo ni maji. Akianza kuharisha mchana akiwa amefunga, figo hukauka na dawa hubaki mwilini kwa kiwango cha juu. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, iko wazi katika Suratul Baqara aya ya 184 na 185, na daktari wake anaweza kumwambia kama wiki ya mapumziko inafaa au nayo haifai. Asijipangie mwenyewe.

#25 Nesi Mstaafu
Kwa kuwa umetaja kuharisha, kuna mazoea mawili ya nyumbani yanayonisumbua. La kwanza: mgonjwa akiharisha, mtu hukimbilia duka la dawa kuleta Flagyl. Dawa hiyo imeonekana kupunguza kasi ya mwili kuiondoa florourasili. Akiharisha mara nne zaidi ya kawaida yake kwa siku, au akiamka usiku kwa ajili hiyo, vidonge visimame, anywe maji ya chumvi na sukari, na hospitali ijulishwe. Akitapika baada ya kumeza, asirudie dozi, asubiri inayofuata.

La pili ni homa. Sisi homa tunaipa mseto kwanza. Mgonjwa wa dawa hizi akifika nyuzi 38, hata usiku wa manane, aende hospitali na aseme mlangoni kwamba anatumia dawa ya saratani. Malaria itapimwa huko huko, lakini chembe nyeupe zikiwa zimeshuka, kusubiri hadi asubuhi kunaweza kumgharimu maisha.

#26 Mlezi_Moro
Tumerudi. Dawa imesimamishwa, damu na figo vimepimwa, na daktari amesema huenda akarudi kwa dozi ndogo viganja vikitulia. Vidonge vyekundu amevichukua akavitazama, akasema visitumike, lakini hakusema ndiyo sababu. Nilipomuuliza sababu ni ipi, alijibu kwamba wengi hupata hali hii hata wakimeza kwa usahihi kabisa. Wifi yangu hajaridhika. Yeye ni mjamzito, na ndiye aliyekuwa akivihesabu kwa mkono. Je, ana la kuogopa?

#27 Mfamasia wa Zamu
Kidonge kizima chenye ganda lake humwachia mtu kiasi kidogo sana, kwa hiyo asipate hofu, ila amweleze mkunga wake na asivishike tena. Mwingine avitoe kwenye pakiti kwa glavu au avidondoshe moja kwa moja kwenye kikombe kidogo, kisha anawe. Mama akivishika mwenyewe ni sawa, naye anawe. Vikae kwenye boksi lake, visichanganywe na dawa za wengine, mbali na watoto, penye joto lisilozidi nyuzi 30, maana yake si dirishani wala juu ya kabati chini ya bati. Nguo zenye matapishi au kinyesi zishikwe kwa glavu na zifuliwe peke yake, wakati wa tiba na hadi saa 48 baada ya dozi ya mwisho.

#28 Dkt wa Mtaani
Kuhusu kwa nini viganja na nyayo, wenyewe watafiti hawajakubaliana. Wapo wanaosema dawa hutoka na jasho, na viganja ndivyo vyenye tezi nyingi za jasho. Wapo wanaosema kimeng'enya kinachoigeuza kapesitabini kuwa florourasili ni kingi katika ngozi ya kiganja, hivyo sumu hupikwa papo hapo. Mimi naegemea hili la pili.

#29 Nesi Mstaafu
Nami naegemea msuguano na joto, kwa niliyoyaona wodini. Mama lishe na wafuaji walikuwa wakiathirika zaidi, tena kwenye mkono wanaotumia sana. Kwa hiyo shangazi na sabuni yake ya unga hakuwa mbali sana na ukweli, hata kama sabuni peke yake haikuleta ugonjwa.

#30 Kijana wa Kariakoo
Kwa hiyo hakuna aliyeshinda.

#31 Mzee wa Gairo
Nina swali moja. Vile vidonge vilivyobaki, ikiwa dozi itapunguzwa, je, wanaweza kumpa mgonjwa mwingine asiye na uwezo wa kununua? Kijijini kwetu yupo.

#32 Mfamasia wa Zamu
Hapana, Mzee. Dozi ya kila mtu hukokotolewa kwa urefu na uzito wake, kisha hurekebishwa kwa figo zake. Huyo wa kijijini aende kliniki apimwe, na aonane na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuhusu msamaha wa gharama. Vilivyobaki kwa mama vihesabiwe, virudishwe na boksi lake siku ya miadi, mfamasia wa kliniki avihesabu katika mzunguko unaofuata. Visivyohitajika tena visitupwe chooni wala jalalani, wataviharibu wao.

#33 Hesabu Kwanza
Na wakipewa dozi mpya, waombe iandikwe kwa maneno kamili: vidonge vingapi, saa ngapi za Kiswahili, baada ya kula, na tarehe ya kuacha.